Hoja Tatu na Kosa Moja

Jumamosi moja ya kila mwezi, kuanzia Oktoba hadi Aprili, mimi huwa jaji. Sina mahakama wala joho. Nina kiti cha mwanafunzi, meza ambayo magoti yangu hayaenei chini yake, karatasi ya alama, na chupa ya maji nisiyoinywa kwa sababu vyoo vya shule ile viko mwisho wa dunia. Shule ikipeleka watoto kwenye mashindano ya midahalo lazima ipeleke na majaji wake, na wazazi wajanja wa hapa Toronto huwa na mikutano, au mgongo mbaya, au mbwa wa kupeleka kwa daktari. Tunabaki sisi tusiojua kukataa.

Watoto huingia wamevaa suti. Wana miaka kumi na minne, kumi na mitano, na mabega ya suti yamewapita. Mmoja hurusha sarafu. Ikiangukia upande huu, wanaamini kwamba wakimbizi wapokelewe; ikiangukia ule, wanaamini mipaka ifungwe. Wakitaka kumkatiza mwenzao huinuka, mkono mmoja wameunyoosha mbele na mwingine wameuweka kichwani, kama mtu anayeshikilia wigi siku ya upepo. Nilidhani ni utani, mara ya kwanza. Kumbe ndio heshima yenyewe.

Nimemwona msichana mmoja akitetemesha sauti akieleza habari za mtoto anayelala kwenye tope kambini, mpaka mama mmoja aliyekaa nyuma akatoa kitambaa. Baada ya chakula cha mchana, chumba cha pili, msichana yuleyule, kwa sauti ileile, alieleza kwa nini mtoto yule abaki kulekule kwenye tope. Nilimpa alama nyingi mara zote mbili. Karatasi ndivyo inavyotaka. Hakuna mahali palipoandikwa: je, anaamini hata neno moja?

Ninawadharau, na sioni haya kusema. Mwalimu wao, bwana mmoja asiyeachana na kikombe chake cha kahawa, hutuambia kila mara kwamba mchezo huu hufungua akili za vijana na kuwatengeneza kuwa viongozi. Ninachokiona kikitengenezwa ni mdomo. Mtoto anaingia akiwa na maswali, anatoka akiwa na majibu, na tangu siku hiyo huwezi kumwambia aoshe kikombe bila yeye kukuuliza unamaanisha nini unaposema kikombe.

Mmoja wa watoto hao ni binti yangu. Ndiye bora shuleni kwake, na huenda ni bora mtaa mzima wa Flemingdon Park. Aliyemtia humo ni mimi, ingawa sikumpeleka kwa mkono. Na mwaka huu, mwezi wa sita, nusura ashinde mdahalo ambao ungemkosesha baba kwa maisha yake yote.

Inabidi nianze mbali kidogo. Nilisoma shule ya bweni ya wasichana kule Kenya, sehemu za baridi, na Jumamosi baada ya chakula cha jioni meza za bwalo zilisukumwa ukutani ukafanyika mdahalo. Bwalo lilinuka kabichi. Spika alikaa mbele amejifunga shuka la kitanda mabegani, kengele mkononi, na sisi tulibishana kama daktari ni bora kuliko mwalimu, kama maisha ya mjini ni bora kuliko ya shamba, kama moto una faida kuliko maji. Mambo ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu aliyewahi kuyauliza. Nilikuwa mzungumzaji mkuu. Nilipanda jukwaani kwa hatua za polepole, nikavuta pumzi, nikasema, “Mheshimiwa Spika, nina hoja tatu,” na bwalo zima likapiga meza.

Zilikuwa tatu daima, hata nilipokuwa na moja tu. Mwalimu mlezi wa chama chetu alitufundisha kwamba kukubali hoja ya mpinzani ni kujichimbia kaburi. Ukikosea, usikubali; fafanua. Ukibanwa, uliza swali. Nilikuwa na miaka kumi na sita nikayameza maneno hayo mazima kama dawa ya minyoo. Tulishinda kombe la mkoa, kombe la bati ambalo mkono wake mmoja ulibanduka ndani ya basi tukirudi nyumbani.

Na tumekuwa nini, mabingwa sisi? Mmoja ni mwanasiasa. Juzi nilimwona kwenye simu akitetea jambo alilolilaani miaka miwili iliyopita, na akalitetea vizuri. Mwingine anauza bima. Wa tatu amefukuzwa kwenye vikundi vitatu vya wanawake, na kila akifukuzwa anatuandikia barua ndefu kuthibitisha kwamba yeye ndiye aliyekuwa na haki. Mimi ninaogesha wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Kule ulimi wangu hauna kazi. Kuna bibi wa miaka tisini ambaye kila mchana huvaa koti akaketi karibu na mlango akisema mama yake anakuja kumchukua. Huwezi kubishana naye. Unakaa naye, unamfunga vifungo vya koti, unasema, “Haya, tumsubiri.” Nilijifunza hilo wiki ya kwanza kazini. Kazini nalijua vizuri sana. Nyumbani nililiacha nje pamoja na viatu.

Mume wangu hakuwahi kushiriki mdahalo wowote. Ni mtu wa maneno machache, tena yanakuja polepole. Akianza sentensi unaweza kukoroga uji ukaiva kabla hajafika kwenye nukta. Alifanya kazi kiwanda cha mikate. Miaka sita iliyopita kiwanda kilipunguza watu, naye akawa miongoni mwao, na hakuniambia. Kila asubuhi alivaa, akachukua chakula nilichomfungia, akaondoka. Jioni alirudi. Mara nyingi alimletea binti yetu, wakati huo ana miaka tisa, kitabu cha kuazima. Alisema amepitia maktaba akitoka kazini.

Maktaba ya hapa ukiazima kitabu, mashine inatema kikaratasi chenye jina la kitabu, siku na saa. Kimoja kilibaki ndani ya kitabu cha tembo aliyeogopa mvua. Nilikisoma nikipanga mkoba wa mtoto: Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi. Saa ambayo mume wangu alipaswa kuwa mbele ya tanuri.

Nilikiweka kikaratasi kile ndani ya Biblia yangu. Kikafuata kingine, na kingine. Vilipofika kumi na kimoja nikaona sasa yatosha, nikamwambia mume wangu najua kila kitu, na nataka kikao.

Yeyote aliyelelewa kwetu anajua kikao ni nini. Nyumba ikiyumba, wazee wanakuja, wanapewa chai, wanasikiliza pande zote mbili. Kwenye ibada yetu ya Kiswahili, ambamo tumechanganyika Wakenya na watu wa Kongo, wazee waliotegemewa kwa kazi hiyo walikuwa bwana mmoja kutoka Bukavu na mkewe, ambaye sote tunamwita Mama Mzee. Kila mtu anajua pia kikao kinavyomalizika. Mwenye kosa akishakiri, wazee humgeukia yule mwingine na kumuuliza kama yeye hana lake. Na mwingine, hata awe malaika, hutafuta moja akaliweka pale mezani. Atasema: nilikuwa na maneno makali. Au: sikumuuliza mapema. Chochote. Lengo ni kwamba mwenzako asibaki uchi peke yake mbele za watu. Ukishaliweka, wazee wanaomba, chai inaongezwa, watu wanaenda nyumbani. Mtoto mdogo anaujua utaratibu huo.

Mimi nilivaa blauzi nyeupe. Hivi kweli, blauzi nyeupe, kama ninaenda fainali. Mume wangu alisema maneno yake machache: alipoteza kazi, aliona aibu, alisubiri apate nyingine ndipo aseme, haikupatikana. Kisha akatazama mikono yake. Nikafungua Biblia, wazee wakadhani nataka kusoma zaburi. Nikatoa vikaratasi kumi na kimoja, nikavipanga mezani kimoja baada ya kingine, nikasoma saa za kila kimoja kwa sauti. Nilimvua nguo mtu yule nikiwa nimeketi mbele yake, chai yake ikipoa.

Mama Mzee aliniacha nikamaliza. Halafu akanisogelea, akanishika goti.

“Na weye, mama, hauna hata kamoja?”

Alikuwa ananipa mlango. Ningesema lolote. Nikamjibu, “Sina. Na nitaeleza kwa nini, kwa hoja tatu.”

Nilizieleza. Zilikuwa tatu kweli siku hiyo, na hazikuwa na tundu. Nilipomaliza nilikuwa, Mungu anisamehe, nimefurahi. Mume wangu alisema, “Sawa. Umeshinda.” Wazee walichukua makoti yao bila kuomba, sijawahi kuona kikao kikiisha bila maombi, kabla ya hapo wala baadaye. Baada ya wiki mbili mume wangu alikwenda Alberta kujifunza kuendesha malori ya masafa marefu, na hakurudi nyumbani.

Binti yetu alikuwa ameketi sakafuni kwenye ujia akiwa amevaa pajama. Sikujua. Miaka mitatu baadaye, alipojiunga na chama cha midahalo, mwalimu wa kahawa alimuuliza mbele yetu wazazi ni nini kilichomvutia. Akasema alimsikia mama yake siku moja akiongea, na tangu siku hiyo alitaka kuongea hivyohivyo. Wazazi wengine walinipigia makofi. Nilitabasamu. Ningefanya nini?

Baba yake alimpigia simu kila Jumapili. Alizoea kusema atakuja, halafu haji. Mwaka jana alisema atakuja kumtazama kwenye fainali, binti akamwekea kiti safu ya mbele, akaweka skafu yake juu yake watu wasikikalie. Lori lilikwama kwenye theluji Manitoba. Tangu siku hiyo simu ya Jumapili ililia mpaka ikanyamaza yenyewe. Nilijaribu kusema na binti. Aliniuliza ni kwa msingi gani mimi, katika watu wote, ninamtetea. Nikaenda kuosha vyombo, na hilo nalo alilihesabu kuwa ushindi.

Mwaka huu, theluji ilipoyeyuka, baba yake alirudi Toronto, akapanga chumba Weston, karibu na reli. Hakuja kugonga mlango. Alikwenda kwa Mama Mzee, ambaye sasa ni mjane, akaomba kikao. Si na mimi. Na mtoto wake. Alitaka kumwomba radhi kwa utaratibu, kama mtu mzima anavyoombwa.

Walikuja Jumapili mchana baada ya ibada. Baba yake alikuwa amebeba katoni la maembe, yale ya Pakistani ambayo maduka ya huku kwetu huyarundika mlangoni majira hayo, na hakujua pa kuliweka, akaliweka juu ya viatu. Nywele zimeanza mvi. Binti yetu aliketi mbele yake na daftari la manjano juu ya mapaja. Nililitambua mara moja. Alikuwa amechora mstari katikati: kushoto huandika anayosema mpinzani, kulia atakayomjibu. Nimewaona mamia wakichora mstari huo. Nilitamani kulinyakua daftari nilitupe dirishani, kutoka ghorofa ya kumi na moja, liishie kule bondeni nyuma ya jengo.

Alianza baba. “Mama,” alimwambia, maana ndivyo alivyomwita tangu alipozaliwa, “nimekuja kukuomba msamaha. Nilikuwa nasema nitakuja, halafu siji. Ile siku ya fainali... nilisema nitakuja. Sikuja. Nilikosa.”

Theluji hakuitaja. Lori hakulitaja. Kalamu ikakwaruza upande wa kushoto wa mstari.

Binti yetu alimjibu kwa Kiingereza, kile cha jukwaani, kidevu juu. Mama Mzee hasikii Kiingereza sana, akanigeukia, “Anasema nini mutoto?” Basi nikawa mkalimani. Ilinibidi kuyatia maneno yale mdomoni mwangu, moja moja, na kumwambia mtu yule niliyewahi kumwambia mengine.

“Anasema ana hoja tatu,” nilisema.

Mama Mzee alifumba macho.

“Anasema, ya kwanza, anayeomba msamaha aonyeshe ni nini kitakachobadilika, na baba hajaonyesha. Anasema, ya pili, kutokuwepo si bahati mbaya. Ni uamuzi, na mtu anauamua upya kila asubuhi, kwa hiyo baba amemwacha mara elfu mbili. Ya tatu... anasema hata kama baba anajuta kweli, majuto ni mzigo wake mwenyewe. Si kazi ya mtoto kumtua.”

Zilikuwa hoja safi. Ningempa alama zote. Mtoto wa miaka kumi na mitano, ambaye bado hulala na taa ya ujia ikiwaka, ameketi anamfungia baba yake mlango kwa sentensi zilizonyooka, na uso wake una furaha ileile niliyoijua. Alikuwa anashinda. Hakujua anashinda nini.

Mama Mzee alinyoosha mkono, akamshika goti.

“Na weye, mutoto wangu, hauna hata kamoja?”

“Sina,” alisema kwa Kiswahili. Akanitazama mimi. Nimeutazama uso ule Jumamosi ngapi? Ni uso wa mtoto anayengoja jaji asome alama.

Baba yake aliinuka. “Sawa,” alisema. “Umeshinda, mama.” Akaanza kulisogeza katoni la maembe atoe viatu vyake.

“Mimi ninako kamoja,” nilisema.

Mume wangu alisimama na kiatu mkononi. Mama Mzee akasema, “Kaweke hapa, mama. Tunangoja,” kana kwamba kikao kilikuwa kilekile, kana kwamba chai ile ya miaka sita ilikuwa bado mezani.

Nikakaweka. Nilisema kwamba vikaratasi vile, vyote kumi na kimoja, vilikuwa na siku pamoja na saa, na siku ile mimi nilisoma saa tu. Siku sikuzisoma. Kile cha kwanza, cha kitabu cha tembo, kilikuwa cha wiki ya pili tangu afukuzwe. Nilijua tangu wiki ya pili. Nilimfungia chakula miezi mitatu nikijua hana kazi anayokwenda. Nilimtazama dirishani akivuka barabara kwenda kusubiri basi kwenye baridi, nikarudi ndani kuhesabu vikaratasi. Ningeweza kumwambia jioni ile ile ya kwanza, kaa, najua, tule. Nilitaka ushahidi utoshe. Nilitaka nikisimama asiwe na la kujibu.

Sikuwa na la pili wala la tatu.

Mume wangu alikaa chini, palepale kwenye viatu, kando ya maembe. Binti yetu ndiye niliyemtazama, na nilichokiona usoni mwake nakijua, kwa sababu ndicho ninachokwenda nacho kila Jumamosi ya midahalo kwenye kiti kile kidogo. Alinidharau. Alinidharau kabisa, kutoka utosini hadi kwenye ndara.

Aliliweka daftari sakafuni.

“Vilikuwa vitabu vyangu,” aliniambia. Kisha akamgeukia baba yake, akatafuta maneno kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, ambacho hajawahi kukitumia kumshinda mtu. “Baba. Kile ya tembo. Wewe ulisoma?”

Baba yake alifikiri, kama kawaida yake. Nilijizuia nisimmalizie sentensi.

“Vyote,” alisema. “Kila kimoja nilikisoma kwanza, nione kama utakipenda. Nilikuwa na siku nzima.”

Binti yetu aliinuka, akaenda akakaa chini karibu naye, upande wa pili wa katoni. Mama Mzee aliniambia niende nikakate maembe. Nilikata sita, polepole, nikayapanga kwenye sahani kubwa. Nikiwa jikoni niliwasikia wakiongea, yeye kwa Kiingereza, baba yake kwa Kiswahili, na Mama Mzee akicheka jambo ambalo sikulipata. Nilisimama na sahani mkononi nikingoja waniite. Hakuna aliyeniita.